Mtoano

Ligi husamehe. Ukifungwa Jumapili,
Jumapili nyingine ipo, na nyingine tena.
Mtoano hauna kesho. Unapigwa kimoja tu,
unavua viatu, unauliza nauli.

Mimi ndiye katibu wa timu ya Mabawa,
mwaka wa sita sasa. Daftari la mraba, kalamu mbili,
na mhuri uliochongwa Ngamiani
na fundi aliyesahau herufi moja: MABWA.
Tumeuzoea hivyo hivyo.

Raundi ya kwanza, Tongoni. Mbili kwa moja.
Bao lao alifunga kijana wa mguu wa kushoto,
mwembamba kama fito, Sheuya jina lake;
nililiandika mwenyewe, dakika ya kumi na tisa.
Baadaye akakanyagwa. Kwao hakukuwa na hata pamba.
Nikachana ukingo wa kanga yangu, nikamfunga goti.
Kipenga cha mwisho kilipolia, alilia nacho.
Nikamwambia, mwakani si mbali.
Uongo. Ukiwa na miaka kumi na saba
mwakani ni mbali sana.

Raundi ya pili Kiomoni, kwenye vumbi la chokaa:
tulirudi na nyusi nyeupe, wazee wa siku moja.
Sare tasa, tukaenda matuta.
Kipa wetu Mbaruku, mchoma mihogo wa stendi,
alidaka mawili, la tatu likagonga mtambaa wa panya.
Tulimbeba juu juu hadi barabarani,
akaomba tumshushe:
mihogo aliiacha jikoni.

Robo fainali, Chumbageni hawakutokea.
Basi lao lilikuwa zima, uwanja waliujua;
waligombana wao kwa wao juu ya jezi.
Tulisimama nusu saa, tukapewa ushindi,
na hakuna aliyejua tushangilie vipi.
Mhina akapiga mpira kwenye goli tupu.
Akakosa.

Kisha Duga, nusu fainali, siku ya mvua.
Watu walipanda ukuta wa shule na miamvuli yao,
mpira ukifika kwenye dimbwi unagoma kama punda.
Dakika ya sabini wakaingiza namba kumi na nne,
upara mpya unang'aa,
kwenye orodha wamemwita Zuberi Kilua.
Dakika moja tu. Akaupokea, akauvuta kushoto,
na kabla haujagusa wavu nilishamjua.
Kichwa hunyolewa; goti halinyolewi.
Kovu lilikuwa pale pale nilipolifunga.

Kanuni inasema: mchezaji mmoja, timu moja, msimu mmoja.
Rufaa ndani ya saa ishirini na nne, na elfu hamsini.
Fedha ilikuwepo, kwenye kopo la maziwa.
Usiku nikaandika barua, Kiswahili cha ofisini,
*tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu*,
nikaupulizia mhuri pumzi, nikagonga.
Hakuna mwingine aliyemtambua. Kocha alilaumu matope,
Mbaruku alijilaumu mwenyewe.
Vijana kumi na wanane walilala wakijua imekwisha,
nami nilikuwa na fainali yao mkononi,
imekunjwa mara tatu.

Sitaki kusifiwa. Saa nne asubuhi nilifika
mlangoni pa ofisi ya chama.
Karani alikuwa anakunywa chai na kitumbua.
"Una shida gani, mama?"
Nikauliza ratiba ya mwakani.
"Bado," akasema, akafuta mafuta vidoleni.

Je, niliila haki ya watoto wangu?
Huenda. Hunijia nikimwona Mbaruku
anageuza mihogo kwa mikono ile iliyodaka,
ananifungia wa mia tano, ananiongezea kipande.

Fainali sikwenda. Nilikuwa naanika jezi,
ya Mhina inachuja, inaipaka rangi ya jirani yake,
niliposikia kelele kutoka upande wa uwanja,
nisijue ni za nani.

Daftari linasema:
Nusu fainali. Duga 1, Mabawa 0. Dakika ya 71.
Mfungaji: